Urujuani Wenye Pindo Jeupe

Fundi Meno hakupewa jina hilo kwa utani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza meno bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, chumba chenye meza ndefu, tanuri dogo, dirisha moja, na vumbi jeupe la plasta ambalo lilimfuata mpaka nyumbani likiwa limekaa juu ya nyusi. Wagonjwa hawakumjua kwa sura. Walimjua daktari aliyewang'oa meno, na wakamshukuru huyo huyo alipowavisha mapya. Jambo hilo halikumuuma. "Daktari anakaa na kinywa cha mtu nusu saa," alikuwa akisema, "mimi nakaa nacho wiki nzima. Mtu akicheka, nusu ya kicheko ni yangu."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono midogo na sauti isiyo na haraka, na alikuwa na tabia moja iliyowakera wavivu: akisema jambo linawezekana, basi keshaanza kulifanya. Mumewe, dereva wa lori la maziwa, aliwaambia marafiki zake kwamba mkewe akisema mvua itanyesha saa nane, yeye huanua nguo saa saba na nusu, mbingu zitajijua zenyewe.

Mtu mmoja tu hakuwahi kutishika na uhakika huo, naye alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu. Aliishi peke yake ghorofa ya pili, katika jengo lenye ngazi nyembamba, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kila kitu nyumbani kwake kilikuwa na mahali pake, na mahali pa heshima kuliko pote palikuwa ubao wa dirisha la sebuleni, upande usiopigwa na jua kali, ambako upepo wa baridi ulipenya kwenye ufa wa fremu. Hapo ndipo ulipokaa urujuani wake.

Watu wengi wameuona urujuani wa ndani: mmea mdogo wa kukaa kwenye chungu, wenye majani ya duara na manyoya laini kama sikio la paka, na maua ya zambarau yaliyosongamana katikati. Huu wa mama mkwe ulikuwa na jambo lake. Kila jani lilikuwa na pindo jeupe, na kutoka pindoni weupe uliruka kuelekea katikati kwa mabaka, kana kwamba mtu alipita na brashi ya chokaa akaitikisa. Hukupata majani mawili yaliyofanana. Alipewa na mwalimu mwenzake siku aliyostaafu, na katika miaka kumi na sita mmea huo haukuwahi kupata ndugu.

Si kwamba hakujaribu. Urujuani huzaa kwa jani: unakata jani pamoja na kikonyo chake, unalichomeka kwenye udongo, na baada ya miezi miwili au mitatu vitoto vinachungulia chini yake. Jani la kijani halina shida, hata mvivu ataliotesha. La mabaka ni kaidi. Yale aliyoyaotesha mwenyewe yalitoa vitoto vyeupe kama maziwa, vikanyauka kabla havijafika ukubwa wa kucha. Yale aliyowapa watu yalitoa miche ya kijani kitupu, bila hata nukta moja nyeupe. Mmoja wa waliopewa alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, aliyekuwa rafiki yake wa kuombana chumvi. Mmea wa jirani ulipotoka kijani, alisimama ngazini mbele za watu akasema: "Amenipa wa kawaida, ule mzuri kauficha. Hiyo ni roho ya kwa nini." Miaka tisa ilikuwa imepita. Tangu siku hiyo mama mkwe hakumtaja kwa jina, alimwita "yule wa chini", na hakuna jani lililotoka tena mlangoni kwake.

Kisha mama mkwe akateleza bafuni, akavunjika nyonga.

Alilazwa wiki tatu. Binti yake mkubwa, yaani wifi yake Fundi Meno, ndiye aliyeachiwa ufunguo wa nyumba. Wifi alikuwa mtu wa huruma sana, na huruma yake ilipitia kwenye jagi. Kila asubuhi aliumwagilia urujuani, akaumwagilia katikati kabisa pale majani yanapokutana, na jioni akipita alihisi vibaya kuuacha bila kuuongezea kidogo.

Siku mbili kabla mama hajaruhusiwa, wifi aliingia chumba cha nyuma cha kliniki akiwa amekumbatia kikapu, uso umemshuka.

"Wifi, nimeua."

Fundi Meno aliweka chini kisu chake cha nta. "Umemuua nani?"

"Urujuani wa Mama."

Aliutoa kwenye kikapu. Majani ya nje yalikuwa bado yamesimama, lakini moyo wa mmea ulikuwa mweusi. Fundi Meno aliugusa kwa ncha ya kidole, ukang'oka wote kwa ulaini, na harufu ya uozo ikajaa chumbani. Chini mizizi ilikuwa imekuwa uji.

"Maji yameshamwagika," alisema.

"Na ndiyo yaliyouua," wifi alisema, akaanza kulia. Kisha akajifuta, akasogea karibu kama mtu mwenye njama. "Sikiliza. Muuza miche pale barabarani anao wa zambarau kama huu. Haukosi kitu ila mabaka. Tuuweke dirishani, tumwambie Mama mabaka yamepotea kwa uchungu wa kumkosa."

Fundi Meno alicheka mpaka akashika meza. "Wifi yangu, mama yako amefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Unadhani hawezi kuhesabu mabaka?" Aligeuza chungu mkononi, akaangalia jani moja moja kama anavyoangalia fizi za mtu. "Vikonyo saba vizima. Vinatosha. Nitauotesha."

"Mama mwenyewe kashindwa miaka yote hiyo!"

"Mama hakuwahi kuwa na mimi."

Kwanza alikwenda kuuliza, maana hakuona aibu kuuliza jambo asilolijua. Muuza miche alimpa mchanga wa chenga na mboji nyepesi, akamwonya asizike kikonyo kirefu wala asiache udongo ukalowa chepechepe. Kuhusu mabaka alitingisha kichwa. "Hayo ni bahati nasibu, mama. Chagua jani lenye kijani cha kutosha, jani hula kwa kijani chake."

Fundi Meno alirudi, akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake. Alikata kila kikonyo mshazari, kikabaki urefu wa nusu kidole, kwa mkato mmoja bila kukwaruza, akachomeka kila jani kwenye kikombe chake chenye matundu chini. Wifi aliyekuwa akishika vikombe alinyoosha kidole kwenye jani lililokuwa karibu lote jeupe. "Hilo ndilo zuri kuliko yote. Litangulie."

"Ni zuri, lakini ni kama kinywa kisicho na meno. Litakula nini?"

"Lipande tu, wifi, moyo wangu utulie."

Akalipanda, kwa sababu ya moyo wa wifi.

Wakati huo daktari aliingia, akakuta meno ya mgonjwa wake yamesukumwa pembeni na meza imejaa udongo. "Hiki ni chumba cha meno au ni bustani?"

"Chumba cha meno, Daktari. Naomba ile rafu juu ya tanuri, haina kazi. Vikombe vitafunikwa kwa nailoni. Nikikuletea jino lenye udongo, hilo jino nitalitafuna mwenyewe."

Daktari alimjua vya kutosha kutobishana. Vikombe vinne vikapanda rafuni, kwenye joto la tanuri na mwanga wa dirisha. Vitatu alivipeleka nyumbani, akavipanga kwenye dirisha la bafu lililoelekea upande wa baridi. Hakuwa na sababu maalumu, ila katika kazi yake hakuwahi kuweka kila kitu kwenye tanuri moja.

Iliyobaki ilikuwa kumwambia mwenyewe. Mama mkwe alirudi na mkongojo, akaketi kwenye kiti chake, na jicho likaenda moja kwa moja dirishani. Wifi alisogea nyuma ya Fundi Meno. Fundi Meno alimkanyaga mguu kidogo, akasubiri. Hakuwa tayari kumsemea mtu mzima.

"Mama," wifi alisema hatimaye, "niliumwagilia ukaoza. Ni mimi. Nisamehe."

Mama mkwe aliegemeza mkongojo kwenye kiti.

"Majani mangapi yamebaki?"

"Saba, Mama," Fundi Meno alijibu. "Nimeshayapanda. Utapata mmea wako, na mabaka yake."

Mama mkwe akamgeukia polepole. "Mke wa mwanangu, mimi katika maisha yangu nimekata majani ishirini na matatu ya mmea ule. Yaliyozaa mabaka ni sifuri. Usiniahidi kitu ambacho ushahidi unakikataa."

"Sawa, Mama. Sitaahidi. Nitaleta."

Wifi alisema baadaye kwamba alitaka ardhi ipasuke immeze. Lakini aligundua kwamba mama yake hakukasirika. Alikuwa amemkata jicho mkwewe, na pembeni mwa mdomo kulikuwa na kitu kilichokaribia tabasamu, kama mwalimu aliyeona mkono umenyooshwa nyuma ya darasa.

Wiki zikapita. Jani jeupe la wifi lilikuwa la kwanza kufa. Lilikaa siku kumi na nane limependeza, siku ya kumi na tisa likalala. Mengine sita yalishika mizizi. Wiki ya tisa, Fundi Meno alifungua nailoni pale bafuni akaona kitu kama chembe ya mchele kimesukuma udongo kando ya kikonyo. Kesho yake zilikuwa tatu. Zilikuwa nyeupe, za waridi kwa mbali, hazina kijani hata cha kuapia.

Wifi alifurahi kupita kiasi. Siku moja alipokuja kuwasalimu alikuta Fundi Meno hayupo, akaona vitoto vimebanana chini ya jani, akavionea huruma. Akavitenganisha, kila kimoja na kikombe chake. Wiki moja baadaye vyote alivyovitenga vilikuwa vimesinyaa, vikabaki viwili tu chini ya jani jingine.

"Safari hii nimeua tena?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umenifundisha," Fundi Meno alisema, akimwaga udongo wa vikombe hivyo. "Vilikuwa bado vinanyonya. Kitoto cheupe hakina chakula chake, kinalishwa na jani la mama. Ukikitenga mapema umekinyima ziwa. Hivi vilivyobaki havitoki hapo mpaka vipate kijani vyenyewe. Na wewe, wifi, ukija kwangu hamu ya kusaidia ikikushika, vyombo viko jikoni."

Wakacheka wote wawili, na kweli wifi akaosha vyombo.

Kule kliniki mambo yalikuwa kinyume. Vitoto vya juu ya tanuri vilitoka na kijani kutoka siku ya kwanza, vyenye afya, vinasukumana. Mwanzoni vilikuwa na ukingo mweupe mwembamba. Fundi Meno akavihamishia huko na vile viwili vya bafuni vilivyosalia chini ya jani lao, na baada ya wiki chache navyo vikaanza kupata rangi. Alikuwa ameanza kuimba akifanya kazi. Lakini kadiri vilivyokua, kila jani jipya lilitoka na weupe kidogo kuliko lililotangulia. Mwezi wa tano ulipofika, rafu ilikuwa na miche kumi na minne, mizuri, minene, na yote kijani.

Wifi aliiangalia akashusha mabega. "Imekuwa kama wa yule wa chini. Mama alisema kweli."

Fundi Meno alikaa kwenye kiti chake, kidevu mkononi. Alikuwa na seti ya meno mbele yake ambayo ilibidi airudie, kwa sababu tanuri lilikuwa limepanda joto kuliko kawaida na rangi ikageuka. Unga ule ule, maji yale yale, mkono ule ule. Kilichobadilika ni joto.

Aliinuka ghafla, kiti kikaanguka.

"Wifi, vile vya bafuni vilitoka vyeupe. Vya hapa, kijani. Mmea mama ni mmoja, udongo ni mmoja. Bafuni kuna nini?"

"Baridi," wifi alisema.

"Na hapa?"

Wifi aliangalia tanuri. Aliziba mdomo kwa kiganja.

Jioni hiyo Fundi Meno alibeba mche mmoja wa kijani, mkubwa wa kujitegemea, akauweka kwenye dirisha la bafu. Hakuupa mbolea wala maneno matamu. Wiki ya tano, mumewe akiwa ananyoa ndevu, alimwita kwa sauti ambayo kwa kawaida aliitumia kwa mende. Katikati ya mche, jani dogo lililokuwa linafunguka lilikuwa na uzi mweupe kuzunguka ukingo wote.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Yeye alikuwa ameshavaa viatu. Kama kijani kinaweza kurudi kuwa mabaka, basi kulikuwa na mmea mwingine mjini humo uliosingiziwa kwa miaka tisa, pamoja na aliyeutoa.

Jirani wa chini alifungua mlango nusu. Alikuwa mama wa makamo ya mama mkwe, mwembamba, miwani imekaa juu ya kichwa. Alipomtambua mgeni, uso ukawa kama umeonja siki. "Amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa, Mama. Nimekuja kuuliza, ule urujuani wa kijani bado unao?"

"Ninao. Si wa mabaka, lakini hauna kosa, unatoa maua." Akampeleka jikoni. Mmea ulikaa kwenye rafu karibu na jiko, umestawi mpaka umefunika chungu chote. Fundi Meno alitabasamu alipohisi joto la mahali pale usoni.

"Niazime kwa wiki sita, Mama. Nikikurudishia hivi hivi ulivyo, nitakuzibia pengo lako la kushoto bure."

Jirani aliweka ulimi kwenye pengo lake bila kutaka. "Una maneno wewe. Chukua."

Kupanda nao ghorofani ndiyo ilikuwa kazi. Mama mkwe aliuona mlangoni tu akautambua. "Kitu cha yule wa chini hakikai dirishani kwangu."

"Si cha kwake, Mama. Ni mtoto wako, kalelewa jikoni kwa watu. Mpe dirisha lake la baridi wiki sita, kisha unikatalie kwa ushahidi."

Neno hilo la mwisho lilimkamata. Alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba mtu asiuguse isipokuwa yeye, na wifi asiusogelee kwa umbali wa mita mbili.

Wifi ndiye aliyeshuhudia yaliyofuata, kutoka mita mbili. Alisema wiki tatu za kwanza mama yake alijifanya hauoni. Wiki ya nne alihamisha kiti karibu na dirisha. Wiki ya tano alitafuta lenzi ya kusomea. Na asubuhi moja, kabla wiki ya sita haijaisha, aliweka lenzi chini akasema, "Mwite mke wa mwanangu. Halafu kamwite yule wa chini."

Jirani alipanda ngazi ambazo hakuwahi kupanda kwa miaka tisa. Alisimama katikati ya sebule, mikono imefungwa kifuani. Fundi Meno alimsogezea chungu. Majani makubwa ya zamani yalikuwa kijani, lakini manne mapya ya katikati yalikuwa na pindo jeupe, na moja lilikuwa limenyunyiziwa mabaka hadi kwenye mshipa wa kati. Jirani alishusha miwani kutoka kichwani, akainama, akafuata pindo la kila jani kwa jicho.

"Kumbe ulinipa wenyewe," alisema.

"Nilikupa wenyewe."

"Nami nikakusema."

"Ulinisema. Ngazini. Mbele ya watu sita."

"Saba," jirani alisema. "Fundi bomba alikuwa amejiinamia kwenye mita, hukumwona."

Mama mkwe alifikiri, akahesabu kwa vidole juu ya goti lake. "Saba," alikubali. "Kaa, mwenzangu. Binti yangu atatuletea chai. Maji ya chai tu ndiyo anayoruhusiwa."

Walikaa mpaka saa sita mchana. Fundi Meno aliwaacha akarudi kazini, ambako daktari alikuwa akimsubiri na mgonjwa asiye na meno ya juu.

Miche kumi na minne ya rafuni ilishushwa kwenye ubaridi mmoja mmoja. Kumi na moja ilirudisha mabaka. Mitatu ilibaki kijani, naye akaiacha hivyo bila kuomboleza, akasema si kila mtoto hufanana na mama yake. Mama mkwe alichagua wa kwake kabla ya watu wote. Alipitia miche yote kwa lenzi kutwa nzima, akachagua si mweupe zaidi bali wenye moyo wa kijani uliokaza, na Fundi Meno alijua hapo kwamba mwanafunzi mpya amepatikana.

Hakukosea. Msimu uliofuata mama mkwe alidai kukata jani mwenyewe. Alitandika gazeti mezani, akaomba wembe, akavaa miwani yake. Jirani alikuwa ameketi upande mmoja na mchanga kwenye bakuli, wifi ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtihani. Mama mkwe alijaribu kushika jani na wembe kwa pamoja.

"Nikushikie, Mama?" Fundi Meno aliuliza.

"Shika jani. Wembe niachie." Alipima kikonyo kwa jicho. "Mshazari, mshazari, mnasema mshazari tu. Mshazari wa digrii ngapi?"

"Mimi hukata tu, Mama."

"Arobaini na tano," alisema mama mkwe, akakata. Kikonyo kilikatika safi, kwa mkato mmoja. Aliutazama ule mkato, akamkabidhi jani mkwewe, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote waliyojuana akamwambia, "Lichomeke, fundi."

Jani hilo lilitoa vitoto vinne. Vyote viliishi.